Jani Lililokwisha Kazi

Tarehe 9 Desemba 2015, siku ambayo Watanzania wamezoea kuona gwaride la Uhuru, Rais John Magufuli alitoka Ikulu, akaingia mitaani Magogoni, Dar es Salaam, na kuzoa taka kwa mikono yake. Sherehe zilikuwa zimefutwa, kipindupindu kilikuwa kimeingia mjini, na nchi nzima ilikuwa imeambiwa ishike ufagio. Baadaye Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ikawekwa kuwa siku ya usafi. Kwa mtaa wenye Ikulu upande mmoja na soko la samaki la Feri upande wa pili, agizo lile lilikuwa na maana, kwa sababu huko mfereji ukiziba leo, kesho ni nzi.

Usafi wa namna hiyo una kanuni nyepesi: kisichotakiwa kiondoke. Chupa ziokotwe, mitaro izibuliwe, nyasi zifyekwe. Juu ya mtaro hakuna ubishi. Shida huanza pale fyekeo linapovuka mtaro na kuingia kwenye tuta la maua, kwa sababu mmea hauna upande mmoja wa taka na upande mmoja wa mali. Vyote viwili vimekaa kwenye shina moja, tena vimeshikana.

Mimea ya jamii ya airisi ndiyo inayoumia zaidi katika makosa haya. Airisi zile zenye ndevu, zinazopandwa sana Ulaya na Marekani, haziwezi joto la pwani. Zinahitaji miezi ya baridi kali ndipo zitoe maua. Lakini ukoo wao ni mkubwa, una spishi zaidi ya 2,000, na zaidi ya nusu yake zinatoka kusini mwa Afrika. Afrika Mashariki ina zake. Mojawapo ni Dietes iridioides, airisi ya mwituni inayoota kwa asili kwenye misitu kuanzia Ethiopia, kupitia Kenya na Tanzania, hadi Afrika Kusini. Majani yake ni membamba, magumu, ya kijani kilichokolea, yaliyosimama wima yakiwa yamepangana ubavu kwa ubavu. Hustahimili kivuli, hustahimili wiki kadhaa bila mvua, na kwenye mji unaopata masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba hauhitaji kubembelezwa. Ndiyo maana wenye ofisi, hoteli na nyumba huupenda. Hununuliwa ukiwa kwenye mfuko mweusi wa plastiki, hupandwa mistari kando ya ukuta, kisha husahaulika.

Ua lake linastahili kuinamiwa. Upana wake ni sentimita sita au saba. Petali ni nyeupe. Tatu za nje zina doa la njano iliyoiva karibu na koo, na katikati zimesimama ncha tatu za zambarau hafifu. Hufunguka asubuhi, na jua likizama habari yake imekwisha. Ua lile halifunguki tena. Lakini juu ya bua lilelile kuna matumba mengine yanayosubiri zamu. Mimea iliyo jirani ina tabia ya kuchanua kwa mawimbi, siku moja wote, kisha kimya, kisha baada ya wiki kama mbili wimbi jingine. Mwenye nyumba anayetoka alfajiri na kurudi usiku anaweza kukaa miezi mingi na mmea huu akadhani ni majani matupu.

Na mtu akidhani ni majani matupu, huyatendea kama majani.

Ndivyo inavyokuwa. Kibarua analipwa kwa siku, tajiri anataka pawe pasafi, na kipimo cha kazi iliyofanyika ni lundo la vilivyokatwa. Fyekeo linapita, mstari wote unabaki urefu wa goti, ncha zimenyooka. Kwa siku tatu nne panapendeza kwelikweli. Kisha ncha zinaanza kugeuka kahawia. Jani la airisi hukua kutoka chini, pale linapotoka kwenye shina. Ncha yake ni sehemu kongwe zaidi, na ikikatwa haioti nyingine. Jani hilo litabaki butu na kahawia hadi lifie uzeeni, na majani ya aina hii huishi muda mrefu. Katikati ya hayo butu hutokea mapya yenye ncha kali, marefu kuliko wenzao. Tuta linaonekana vurugu kuliko mwanzo, tajiri anaita tena fyekeo, na safari hii yanakwenda hata mabua yaliyokuwa na matumba. Mwaka unapita bila ua hata moja, na lawama zinatupiwa udongo, mbolea au chumvi ya upepo wa bahari.

Kibarua hana hatia kubwa hapa. Amepewa chombo cha kukatia nyasi na akaambiwa asafishe. Hakuna aliyemwonyesha kwamba mmea huu husafishwa kwa mkono.

Kusafisha kwenyewe si kazi ngumu, ila haina haraka. Mtu huchuchumaa, akatenganisha majani kwa vidole mpaka aone chini. Majani yaliyozeeka hukaa nje ya kichaka na hujitambulisha kwa rangi: njano inayoanzia nchani, kisha kahawia, kisha ukavu. Jani lililokauka kabisa likivutwa pembeni hung'oka lenyewe na kuacha alama safi. Ambalo bado limeshikilia hukatwa kwa mkasi au kisu kikali karibu kabisa na shina, bila kuacha kisiki. Lililo kijani juu na kahawia kidogo nchani huachwa, maana bado linapika chakula cha mmea. Anayekerwa na ile ncha anaweza kuikata kwa mshazari kufuata umbo la jani. Halafu huondolewa takataka zilizolundikana chini, kwa sababu ndiko hulala konokono mkubwa wa pwani yetu, yule ambaye kwao ni Afrika Mashariki na leo anasumbua wakulima hadi Asia na visiwa vya Pasifiki. Mchana hujificha kwenye unyevu wa majani makavu, usiku hutoka kula machipukizi.

Suala la mabua linahitaji jicho zaidi, na hapa hata watunza bustani wazoefu hukosea. Mtu anayejua waridi amezoea kukata kila kikonyo ua likishanyauka. Akiifanyia hivyo airisi nyeupe ya mwituni ameipora, kwa kuwa bua lake halifi baada ya ua la kwanza. Hudumu miaka, na hutoa matumba mapya mwaka hata mwaka kutoka sehemu zilezile. La kuondoa ni vitumba vya mbegu, vile vifuko vizito vyenye vyumba vitatu vinavyolivuta bua hadi chini na kula nguvu ambayo ingeleta maua mengine. Bua lenyewe hukatwa likiwa limekauka hadi mzizini. Lakini yuko ndugu yake, Dietes bicolor wa Afrika Kusini, mwenye maua ya njano hafifu na madoa meusi ya kahawia, anayepandwa mno kando ya maegesho ya magari. Huyo mabua yake ni ya msimu mmoja. Yakimaliza yamemaliza, na kuyaacha ni kufuga vijiti. Kwa hiyo kabla ya mkasi lazima mtu awe ameliona ua. Anayesafisha bustani ambayo hajawahi kuiona ikichanua anakata gizani.

Pwani ina mazoea yake ya kukata, na mazoea hayo huchangia. Mwasmini, mmea wa uani unaotoa maua ya kikuba, hufurahia kupunguzwa. Huchanua kwenye machipukizi mapya, hivyo kila tawi linalokatwa huleta matawi ya kuchumia. Mwanamke aliyelelewa kwenye nyumba yenye mwasmini anajua tangu utotoni kwamba mkasi huleta ua. Kwake kuipunguza airisi kwa mtindo uleule ni jambo la akili kabisa. Isipokuwa airisi haina matawi. Uhai wake wote umejificha kwenye shina nene linalolala chini au juu kidogo ya udongo, kama tangawizi, na kila ncha ya shina hilo hutoa fungu lake la majani.

Wanaolielewa jambo hili vizuri kuliko wote Tanzania pengine ni wakata mkonge. Mkonge si wa ukoo wa airisi, lakini nao ni mmea wa majani ya upanga yanayotokea katikati. Mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliuleta mwaka 1893. Miche 1,000 iliondoka Florida, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Kutokana na hiyo 62 yakatokea mashamba ambayo katikati ya miaka ya 1960 yaliifanya Tanzania kuongoza duniani, kwa takribani tani 230,000 kwa mwaka. Mkata mkonge hana ruhusa ya kufyeka. Huanza na majani ya chini, yaliyokwisha kulala, akakata moja moja kwenye shina, na ya juu yaliyosimama kuizunguka ncha huyaacha. Akikata kupita kiasi, majani yatakayofuata yatakuja mafupi na singa zitashuka daraja. Kwa zaidi ya miaka mia moja watu wa Tanga, Morogoro na Kilosa wamekuwa wakilitenganisha kwa panga jani lililokwisha kazi na jani linalofanya kazi. Ujuzi huo haukupata njia ya kufika kwenye matuta ya maua ya mjini, na hilo linasikitisha, maana ni ujuzi uleule.

Mwaka huohuo wa 1893 ndipo ilipoanzishwa Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam, ile iliyo kando ya Makumbusho ya Taifa, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Magogoni. Mjerumani Franz Stuhlmann aliifungua kama shamba la kujaribia mazao ya biashara, na mimea kutoka nchi za mbali ilipandwa pale kuona ipi itakubali joto, chumvi na udongo wa kichanga. Leo bustani hiyo imebaki kipande kidogo kati ya majengo, na sehemu kubwa ya majaribio imehamia kwenye simu za mkononi. Mtu huandika swali lake kuhusu airisi, na jibu linalokuja limeandikwa na mkulima wa Ohio au Kent: kata majani yote hadi upana wa kiganja kila mwisho wa mwaka, ondoa kila kitu, tupa mbali.

Ushauri huo ni sahihi kwa aliyeuandika. Marekani kuna nondo aitwaye Macronoctua onusta ambaye hutaga mayai kwenye majani yaliyonyauka ya airisi wakati wa vuli ya huko. Mayai hukaa baridi yote, na majira ya kuchipua viwavi hutoka, wakatoboa jani, wakashuka hadi kwenye shina na kulila lote. Kukata na kuondoa majani kabla ya theluji ni kuondoa mayai. Isitoshe, majani yale yangekufa kwa baridi hata yasingekatwa. Dar es Salaam haina nondo huyo, haina theluji, na airisi yake haisinzii hata mwezi mmoja. Kuikata Novemba kwa kufuata kalenda ya Ohio ni kuinyang'anya majani wakati mvua za vuli zimeanza kuipa nguvu. Wapo pia wanaotamani kuja na vipande vya airisi zenye ndevu kutoka safari za Ulaya. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, iliyounda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), inataka mimea inayoingia nchini iwe na vibali na cheti cha afya, na sababu ni wadudu wa aina hiyohiyo. Mwenye hamu nazo atapata nafuu nyanda za juu, Njombe kwa mfano, ambako usiku wa Julai umande huweza kuganda.

Huko juu, kusema kweli, ukoo huu hauhitaji wageni. Uwanda wa Kitulo, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake, una jamaa kadhaa wa airisi wanaochanua bila mkono wa mtu. Na gladiola wanaofungwa kwenye mashada ya harusi wana damu ya hapa: Gladiolus dalenii, anayeota mwituni katika sehemu nyingi za Tanzania, ni mmoja wa wazazi wa chotara zilizotengenezwa Ubelgiji kabla ya katikati ya karne ya 19.

Baada ya majani na mabua inabaki kazi kubwa, kugawa. Kichaka cha miaka mitatu au minne hujibana chenyewe; mashina yanapandana, katikati panakuwa pakavu, maua yanahamia pembeni. Wakati mzuri ni mwanzo wa masika. Kichaka chote hung'olewa kwa jembe la uma, udongo ukakung'utwa, na mashina yakatenganishwa kwa mkono au kwa kisu, kila kipande kikiwa na fungu lake la majani na mizizi. Hapa, na hapa tu, majani hukatwa nusu, kwa kuwa mizizi iliyojeruhiwa haiwezi kuyanywesha yote. Vipande vya katikati visivyo na ncha hai hutupwa.

Pua nayo ina kazi yake. Shina lililo laini, linalotoa maji na harufu mbaya, limeoza kwa bakteria wa jamii moja na wale wanaoozesha kabichi, karoti na viazi. Muuza mboga wa Kariakoo anaijua harufu hiyo kabla hajafungua gunia. Dawa ya airisi inafanana na ya mboga: kukata hadi kwenye nyama nyeupe, kufuta kisu kwa jiki au spiriti kabla ya kugusa shina jingine, kuacha kidonda kikauke juani siku moja, na kutopanda tena mahali panapotuama maji.

Kariakoo ina jamaa mwingine wa airisi ambaye watu hawamhesabu kuwa jamaa. Ni zafarani, ile inayouzwa kwa vipimo vidogo kwa ajili ya biriani, na ambayo waganga na masharifu wa pwani huandikia kombe. Zile nyuzi nyekundu ni tatu tu kwa kila ua, na kilo moja iliyokauka hutaka maua kama 150,000, yanayochumwa kwa mkono, sehemu kubwa nchini Iran. Zafarani ni tasa, haitoi mbegu inayoota. Ipo duniani leo kwa sababu kwa zaidi ya miaka 3,000 watu wamekuwa wakichimba vitunguu vyake, wakavitenganisha na kuvipanda upya. Kizazi kimoja cha wakulima kingeacha kugawa, biriani ingebaki na manjano.

Ndani ya Kariakoo kwenyewe pa kugawia pamekuwa padogo. Nyumba ya Kiswahili iliyojaza mitaa ile, yenye ukumbi katikati na vyumba pande mbili, ilikuwa na uani nyuma: jiko, bafu, kamba ya nguo, na kando ya ukuta mwasmini, mrehani, labda mpapai. Kwa miaka thelathini iliyopita maghorofa yamezimeza nyumba hizo moja baada ya nyingine, na jengo jipya hujaza kiwanja chote hadi mpakani. Bustani ikapanda ngazi. Sasa iko kwenye ndoo za rangi za lita 20 zilizotobolewa kwa msumari wa moto, zimepangwa kwenye kibaraza cha ghorofa ya nne. Airisi ya mwituni inakubali maisha hayo ikipata kichanga, samadi iliyooza na jua la asubuhi, ila ndoo hujaa haraka na kugawa huja mapema, kila miaka miwili hivi.

Na ndoo ina sahani chini yake. Dar es Salaam ilipata milipuko ya homa ya dengue mwaka 2014 na 2019, na mbu anayeieneza, Aedes aegypti, hukua kutoka yai hadi kuruka kwa siku saba hadi kumi kwenye maji kidogo kama yale ya sahani ya maua. Wengi wakisikia mbu hukata majani. Mbu huyu hazaliwi kwenye majani ya airisi. Sahani ikimwagwa na kusuguliwa kila wiki, kwa sababu mayai hugandamana na ukuta wake, majani yanaweza kusimama yote.

Kichaka kimoja kilichojaa ndoo kikigawanywa vizuri hutoa miche sita au zaidi, na katika ghorofa lenye familia ishirini miche hiyo haikosi pa kwenda. Wanaoipokea waambiwe jambo moja mapema. Airisi iliyohamishwa hununa. Majani ya pembeni yatakuwa njano, mapya yatachelewa, na vuli ya kwanza inaweza kupita bila bua. Hapo ndipo wengi huing'oa na kuitupa, au huipunguza tena wakitumaini kuiamsha. Chini ya udongo wakati huo shina linatengeneza mizizi, na maua huja msimu wa pili, mengine mapema kidogo, mengine baada ya masika yanayofuata.